Kiitikio cha Gizani

"Afande, tunatafuta nini tena huku? Kijana tunaye."

Koplo aliyasema hayo akihema, kwa sababu ngazi za mbele zilikuwa nyembamba na ndefu. Inspekta alikuwa ameshika mkoba wake kifuani usikwaruze ukuta, na alipanda polepole kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Chini yao karakana ya seremala ilikuwa imefungwa, lakini harufu ya vanishi ilipanda nao mpaka mlangoni.

Ukumbi ulikuwa chumba kimoja kirefu. Mabenchi yalipangwa karibu karibu, mapazia mazito yalifunika madirisha, na jukwaa halikufika hata kimo cha goti. Hapakuwa na kipaza sauti wala spika. Mlangoni palikuwa na kapu kubwa la ukindu ambamo kila anayeingia alitakiwa kuacha simu yake. Watu walikuja hapa kila wiki kusikiliza zeze, ngoma na sauti za watu, basi.

Wiki iliyopita, mara baada ya wimbo wa mwisho, ule unaoimbwa taa zimezimwa, mwimbaji mkuu wa jioni hizo alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyuma, kichwa kimepasuka kwenye saruji. Watu walimwita Mzee Sauti. Aliyekutwa amempakata, shati limelowa damu, alikuwa mpiga ngoma, mtoto wa marehemu mdogo wake, ambaye mzee na mkewe walimlea kama wa kumzaa. Alasiri ya siku ile ile wawili hao walikuwa wamegombana mbele za watu. Kijana alitaka waweke spika ili wa nyuma nao wasikie. Mzee akasema, "Siku utakayoleta mabati hayo, utanitoa humu nikiwa maiti." Kijana, kwa hasira, akajibu, "Basi na iwe hivyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

"Watu wote walimsikia mzee akiimba mpaka ubeti wa mwisho," koplo aliendelea. "Taa zikawaka, kiti chake kitupu. Kijana naye akatoka. Mara kelele uani. Hapo katikati mtu mwingine anaingilia wapi?"

"Haingii," Inspekta alisema. "Ndiyo maana nimerudi."

Asubuhi ile alikuwa amekwenda mahabusu kumwona kijana kwa mara ya mwisho kabla ya mahakama. Alimkuta amekaa sakafuni.

"Sema ukweli wako wote," alimwambia. "Ulimsikia mzee akiimba mpaka mwisho?"

"Nilimsikia, Afande."

"Unajua jibu hilo linakuumiza? Ukisema alinyamaza mapema, ninapata pa kuanzia."

Kijana alitikisa kichwa. "Siwezi kumsingizia Baba kwamba aliacha wimbo. Nilimsikia. Taa zilipowaka nikaona kiti kitupu, nikatoka nimwombe radhi kwa yale niliyosema. Nikamkuta chini." Kisha akauliza, "Mama hajaja?"

Hakuwa amekuja. Wiki nzima mjane hakukanyaga kituoni.

Jioni hii wanamuziki walikuwa wamekubaliana kukutana tena, kumkumbuka mzee kwa nyimbo zake. Inspekta aliomba afike mapema, kabla watu hawajajaa.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye siku ile ndiye aliyeshuka kumpima marehemu. Alikuwa akipanga mabenchi.

"Uliniambia juu ya damu," Inspekta alisema. "Hebu rudia."

"Nilipomgusa sikioni ilikuwa imeshaanza kuganda. Inavutika, kama uji uliopoa."

"Na ulimsikia akiimba ubeti wa mwisho?"

"Nilimsikia."

"Na ulimfikia baada ya muda gani?"

"Papo hapo. Taa, kelele, mimi huyo nashuka. Sikuvaa hata kiatu kimoja vizuri."

"Damu ya mtu aliyekuwa anaimba sasa hivi inagandaje, dada?"

Nesi alishusha benchi. "Ndiyo maana silali, Afande. Nikisimama mahakamani nitaapa yote mawili, na yote mawili hayawezi kuwa kweli."

Koplo alimsogelea Inspekta na kumnong'oneza. Alikuwa amepata wazo, na macho yalimwaka. "Kama kuna mtu aliyeimba badala yake je? Mzee anauawa mapema, mtu mwingine anashika sauti yake gizani ili watu wadanganyike."

Inspekta alimtazama. "Nani?"

Koplo alielekeza kidevu jukwaani. Mwanamume mwembamba mwenye kofia alikuwa akikaza uzi wa zeze. Jina lake la hapa lilikuwa Kasuku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Wewe ndiye unayeiga sauti za watu?" Inspekta alimwuliza.

"Naiga, Afande. Naiga mwenye nyumba wangu akidai kodi, naiga mke wangu akinikaripia. Siku moja nilimwiga mke wangu mwenyewe yupo. Nililala sebuleni."

"Na Mzee Sauti?"

Kasuku aliuachia uzi. "Nilimwiga akiwa hai. Alikuwa anacheka mwenyewe."

"Mwige nimsikie."

"Afande, leo?"

"Leo."

Kasuku alivua kofia, akaiweka gotini. Akafumba macho, akaimba mstari mmoja tu. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mwembamba. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo mwishoni kama mlango wa zamani unaofungwa taratibu. Nesi alijishika kifuani. Koplo alipiga hatua mbele kama anayetaka kumkamata hapo hapo.

"Usirudie tena."

Wote waligeuka. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kitambaa cheusi, simu yake ndogo mkononi juu ya kapu. Aliiacha ikaanguka ndani, akaja mbele akijishika kwenye mabenchi.

"Nisamehe, mama," Kasuku alisema. "Ni Afande ameniambia."

"Najua. Nimesikia." Mjane aliketi benchi la mbele, mahali ambapo wote walijua ni pake. "Mwanangu," alimwambia Inspekta, "najua unachokitafuta. Siyo huyu. Mimi nilikaa hapa siku ile. Huyu anaiga sauti, lakini hajui kuiga pumzi. Mume wangu alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila mstari, nami huisikia hata nikiwa jikoni. Angekuwa Kasuku, ningenyanyuka."

"Halafu, Afande," Kasuku aliingilia, amepata nguvu kidogo, "ningewezaje kujificha? Hapa jukwaani tunakaa kama dagaa. Mzee nyuma yangu karibu na pazia, kijana mbele na ngoma yake, goti langu limeegemea ngoma. Kila akipiga, goti linaruka. Nikirudi nyumbani nachechemea."

"Siku ile pia goti lilikuwa kwenye ngoma?"

"Mpaka mwisho. Niliteseka mpaka mwisho."

Inspekta alilishika neno hilo na kuliweka. Kisha akaketi kando ya mjane.

"Mama, wewe ulimsikia mzee mpaka ubeti wa mwisho?"

"Nilimsikia."

"Una hakika?"

Mjane alimgeukia. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi. "Mwanangu, hata leo alfajiri nimemsikia. Ameimba kule uani kama kawaida yake. Nikaamka, nikamtekea maji ya kunawa. Ndoo imejaa ndipo nikakumbuka."

Inspekta aliinamisha kichwa. Koplo alidhani ameguswa na huzuni, akaangalia pembeni kwa heshima. Lakini alipotazama tena aliona Inspekta anatazama kiti kitupu cha mzee, kisha mabenchi, kisha mlango mdogo nyuma ya jukwaa uliofunikwa na pazia.

"Na kijana, mama?" Inspekta aliuliza. "Anakuulizia."

"Sitaki kumwona. Nilimpokea hajaota meno. Kama ni yeye, Mungu amhukumu. Kama siye, ile damu ya nini? Nimeomba nionyeshwe, nikaona giza tu."

Nyuma ya pazia palikuwa na ujia mfupi. Upande mmoja ukutani palikuwa na swichi kuu ya taa zote za juu, na mwisho wake ngazi za saruji zikishuka uani bila kishikio. Seremala, mwenye jengo, alikuwa amesimama pale akifuta swichi kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi.

"Fundi, niambie tena mambo ya wimbo wa mwisho," Inspekta alisema.

"Ni wimbo wa waliotangulia, Afande. Unaimbwa gizani. Mzee alianza desturi hiyo tulipomzika mwanawe wa pekee. Nazima taa zote, na haziwashwi mpaka mwimbaji atue sauti. Huo ndio ubeti wa mwisho."

"Hata kukitokea jambo?"

"Hata nyumba ikiungua. Aliwahi kuja mgeni na tochi mfukoni, akaimulika katikati ya wimbo. Mzee alinyanyuka akaenda zake. Alikaa nyumbani majuma na majuma, tukaenda kumbembeleza kama bibi harusi."

"Na wewe unasimama hapa hapa, gizani, mwanzo hadi mwisho."

"Kila wiki."

"Siku ile uliona nini?"

"Nimeshasema, Afande. Mzee alitoka. Kijana akatoka nyuma yake."

"Akimkimbiza?"

"Sijui, Afande. Walipita hapa tu."

"Mmoja, kisha wa pili."

"Ndiyo."

Seremala alikuwa amesema kama alivyosema siku ya kwanza, neno kwa neno. Inspekta alimshukuru, akapita pazia, akamwita Kasuku pembeni. Walizungumza kwa kunong'ona. Kasuku alikataa kwanza kwa kichwa, kisha kwa mkono, kisha akakubali.

"Itakuwa dhambi, Afande?"

"Kama ni dhambi, niandikiwe mimi. Na usimwambie mtu."

Jua lilipozama mabenchi yalikuwa yamejaa. Watu waliingia kimya, wakaacha simu, wakabanana. Ngoma ya kijana ilikuwa kando ya jukwaa, imefunikwa kitambaa. Nesi alisimama akaongoza sala fupi, akamwomba Mungu ampokee mzee na awafariji walioachwa, na kila lisilojulikana alitie kwenye nuru. "Amina" iliyoitikiwa ilikuwa nzito. Koplo, ambaye hakuwahi kufika kwenye jioni hizi, aliitikia kwa sauti kuliko wote kisha akaona haya.

Nyimbo zikafuata. Hazikupigiwa makofi. Kasuku alipiga zeze na watu walishika mdundo kwa nyayo sakafuni. Palikuwa na wimbo wa kutwanga na wimbo wa kubembeleza mtoto, na mjane alikaa wima bila kuimba hata mmoja. Kiti cha mzee kilibaki mahali pake.

Kisha Kasuku akatangaza kwa sauti yake mwenyewe. "Wimbo wa waliotangulia. Mwito nitaushika mimi, kwa ruhusa ya mama. Sitamwiga."

Mjane aliinamisha kichwa kukubali. Inspekta alipanda jukwaani, akaketi sakafuni nyuma ya Kasuku, akaweka kiganja chake katikati ya mgongo wake. Seremala akapita nyuma ya pazia. Taa zikazimika.

Giza lilikuwa zito. Zeze likaanza chini, nyayo zikafuata. Kasuku akaita.

*Mkulima ametua jembe.*

*Tuwekeeni nafasi,* ukumbi mzima ukaitikia. Mara tatu, polepole, sauti za wanawake juu na za wanaume chini, mpaka mabenchi yakatetema.

*Fundi ametua nyundo.*

*Tuwekeeni nafasi.*

Zeze liliendelea. Inspekta alisikia mgongo wa Kasuku ukitulia chini ya kiganja chake. Hakuvuta pumzi ya kuita. Palipaswa kuwa na ubeti wa mshonaji. Pakawa na zeze tu na nyayo, muda ule ule ambao mstari mmoja huchukua.

*Tuwekeeni nafasi.*

Waliitikia. Wote, kwa pamoja, bila kusita, kama walioitwa. Ubeti wa mpishi ukapita bila kuitwa na mtu, na kiitikio kikaja mahali pake. Sasa watu walikuwa wanalia, na sauti zilikuwa zimepanda. Ukaja ubeti wa mwimbaji, wa mwisho. Kasuku alikuwa kimya. Chini ya kiganja Inspekta alihisi analia bila sauti.

*Tuwekeeni nafasi. Tuwekeeni nafasi. Tuwekeeni nafasi.*

Taa zikawaka.

Watu walipangusa macho. Inspekta alisimama jukwaani, na akasubiri mpaka kikohozi cha mwisho kikatulia.

"Naomba mnisamehe kwa kuingilia," alisema. "Nina swali moja, na uhai wa mtu unategemea jibu lenu. Kasuku ameimba beti zote?"

Walimshangaa.

"Zote," alijibu mmoja.

"Na amezitendea haki," akaongeza nesi. "Huyo mshonaji ameniliza mimi."

"Aliyemsikia mpaka ubeti wa mwimbaji, anyooshe mkono."

Mikono ikainuka, benchi baada ya benchi. Koplo peke yake, nyuma kabisa, alikuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyepotea.

"Koplo?"

"Afande..." Alijikuna shingo. "Mimi sikusikia kitu baada ya fundi kutua nyundo. Nilidhani ndivyo mnavyofanya."

"Masikio yako umeyaacha kwenye kapu?" mtu alimtania, na wachache wakacheka.

"Mimi wimbo wenu siujui," koplo alijitetea. "Nilikuwa nasubiri anayeita, haiti mtu. Ninyi mnaitikia tu."

"Muongo huyu!"

Kasuku alisimama. "Siyo muongo. Mimi sikufungua mdomo. Afande aliniambia niite mara mbili tu, kisha ninyamaze. Nimenyamaza. Nimewasikia mkiniitikia, na mimi sijawaita."

Hakuna aliyecheka sasa. Nesi alishusha mkono wake taratibu, akautazama kama si wake. "Lakini nimekusikia," alisema. "Kwa masikio haya."

"Najua, dada," Inspekta alisema. "Wala huongopi. Mmeimba wimbo huu miaka, beti kwa mpangilio ule ule, na mzee yule yule. Koplo amesikia kimya kwa sababu hajui kinachofuata. Ninyi mnakijua mno. Wiki iliyopita mlimsikia Mzee Sauti mpaka mwisho, na kijana wake pia alimsikia, akakataa kusema vingine hata nilipomwambia anajifunga. Lakini damu haina mazoea. Damu ilikuwa imeshaganda."

Akamgeukia Kasuku. "Goti lako."

"Ngoma iliruka mpaka mwisho, Afande. Mpaka taa zinawaka." Kasuku alifungua mdomo wazi. "Ngoma siyo sauti. Nina alama bado."

"Kwa hiyo mzee alipotoka na kuanguka, kijana alikuwa hapa, anapiga ngoma mbele yako."

Benchi la mbele lilitoa mlio. Mjane alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umeshika hewa, unatafuta pa kuegemea, na nesi akaudaka.

Inspekta alikuwa ameshageuka. Alisogeza pazia. Seremala alikuwa pale pale, mkono wake bado uko juu ya swichi, paji la uso ameliegemeza ukutani.

"Mzee alitoka, kijana akatoka nyuma yake," Inspekta alisema kwa upole. "Hukusema uongo, fundi. Uliacha tu wimbo mzima katikati, nasi tukaujaza wenyewe. Mzee alitoka lini?"

Seremala hakugeuka. "Ubeti wa pili. Fundi alipotua nyundo."

"Akasema nini?"

"Alisema kifua kinambana. Akasema, 'Niwashie taa nishuke nje nipate hewa.'"

"Nawe?"

"Nikamwambia, 'Mzee, wimbo haujaisha.'"

Upande wa pili wa pazia kila mtu alikuwa anasikia.

"Naye?"

"Alicheka kidogo. Akaniambia, 'Kweli, fundi, nimejisahau.' Akapapasa ukuta akaenda." Seremala alipapasa ukuta ule ule. "Yeye ndiye aliyeweka sheria, Afande. Ningeivunjaje mbele yake? Nikasikia kishindo kule chini, kama gunia. Mkono wangu ulikuwa hapa hapa kwenye swichi. Nikataka kuiinua. Nikasikia watu wanaitikia. Nikajiambia, kama wanaitikia basi anaita. Amerudi kukaa, kilichoanguka ni mbao zangu. Hata mimi nilimsikia. Naapa nilimsikia mpaka akatua sauti."

"Na taa zilipowaka?"

"Kijana akapita mbio. Akapiga kelele. Nikajua."

"Wiki nzima, fundi. Kesho kijana alikuwa anasimamishwa mahakamani."

"Kila siku nilikuwa nasema kesho. Nitamwambia nani kwamba mtu aliniomba taa nikamnyima? Nilikuwa natafuta namna ya kulisema, nikawa nalisema lile lile. Alitoka, akatoka nyuma yake. Ilikuwa kweli. Nililiegemea hilo."

Pazia lilisogezwa. Mjane aliingia kwenye ujia, nesi nyuma yake. Seremala alimwona, akashuka mpaka sakafuni.

"Dada, nisamehe. Kwa ajili ya Mungu."

Mjane alitazama ngazi za saruji, akatazama mwisho wake kule uani.

"Alikuwa anaumwa sana?" aliuliza. "Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida, dada. Kama anayetania."

"Alikuwa haniambii akiumwa." Alijifunga kitambaa chake upya. "Fundi, msamaha wako nitautafuta, maana nimeamriwa. Lakini leo siwezi kukupa. Kabla yako kuna mtu ambaye mimi ndiye natakiwa kumpigia magoti."

Inspekta alimwinua seremala kwa mkono. "Vaa viatu vyako. Twende ukayaseme haya kituoni, yote, na katikati yake."

Walishuka kwa ngazi za mbele. Watu waliwapisha. Hapakuwa na aliyemzomea seremala, na hilo lilimfanya ainame zaidi.

Ndani ya gari mjane alikaa nyuma pamoja na Inspekta. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mwanzoni Inspekta alidhani anasali, lakini alipotega sikio alisikia anapanga maneno, anayasema, anayafuta, anaanza upya. "Mwanangu, nilikosea." Kisha, "Mwanangu, damu ile ilinitia upofu." Kisha, "Mwanangu," peke yake.

Kituoni koplo alimwongoza seremala kwenye chumba cha kuandikisha maelezo. Inspekta alizungumza na mkuu wa zamu kwa muda, mkuu akapiga simu, akasikiliza, akaitika mara nyingi. Mwishowe akachukua funguo ukutani mwenyewe.

Mjane alisimama mbele ya kaunta. Aliambiwa kuna kiti, akasema hapana.

Kijana aliletwa peku. Mkono mmoja alikuwa ameshika suruali kiunoni, kwa sababu mkanda huchukuliwa mtu akiingia mahabusu. Ndevu zilikuwa zimemchipua ovyo, na alikuwa amekonda mashavuni. Alipofika mlangoni aliona nani anamsubiri, akasimama.

Mjane alifungua mdomo. Yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, akaanza kupiga magoti, polepole, kama wanavyopiga wazee.

Kijana aliuacha mlango. Alimfikia kabla goti halijagusa sakafu, akamdaka kwapani kwa mkono wake mmoja mtupu, akamshikilia hivyo, wima.

"Mama," alisema. "Umekula?"

Mjane alitikisa kichwa.

"Tangu lini?"

Mjane alikuwa ameshika kola ya shati la kijana na uso ameuficha hapo.

Inspekta aligeuka upande wa ukuta. Akamwita mkuu wa zamu kwa sauti ya chini, akamwomba amtafutie kijana mkanda wake.